Wananipa hongera ya mimba, na mimi najua si mimba

Shikamoo mama,

Nina miaka 49 na watoto wanne, wa mwisho ana miaka 14. Nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kwetu ni Ukerewe, nimezaliwa na kukulia huko mpaka nilipoolewa.

Sisi wa dagaa tunahesabu miezi kwa giza, maana mbalamwezi ikiwaka taa za wavuvi hazivuti kitu. Hili ni giza la tano tangu tumbo langu lianze. Mwanzoni nilidhani ni gesi. Nilikuwa nikila mchana, jioni kitenge kinabana. Siku hizi naamka nalo asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni. Kinachonishangaza zaidi ni chakula. Mimi ni mtu wa kula, sikufichi, ugali wangu ulikuwa unajulikana. Sasa matonge manne, matano, nimeshiba kama niliyetoka harusini. Nikijilazimisha la sita linakaa hapa chini ya kifua, halishuki mpaka usiku. Mikono imepungua, pete ya ndoa inazunguka kidoleni, lakini tumbo linakwenda mbele. Na usiku naamka kukojoa mara tatu, mara nne.

Duka la dawa wamenipa dozi ya vidonda vya tumbo mara tatu. Ya pili ilinipa nafuu wiki mbili, basi. Katikati ya dozi hiyo nilipima choo, wakasema hakuna bakteria, lakini dawa nikaongezwa vilevile. Nimekunywa maji ya magadi, nimekunywa tangawizi, nakunywa soda baridi ili nicheue. Maharage nimeacha. Dawa ninayomeza kila siku ni vidonge vya mgongo tu, viwili jioni, kwa sababu ya magunia, na hivyo nimevizoea miaka mingi.

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike. Giza la pili wenzangu sokoni walianza kunipa hongera. "Mama, umetuficha!" Nikacheka. Siku zangu zinaruka tangu mwaka jana, kwa hiyo hata mimi nilijiuliza. Nikanunua kipimo cha mkojo, mstari mmoja. Baada ya mwezi nikarudia, mstari mmoja. Lakini maneno yalishamfikia mume wangu. Hakuniuliza. Alirudi jioni na sato mkubwa akasema, "Kula, unahitaji nguvu." Amewaambia na kaka zake, maana mama mkwe ametuma kuku. Usiku ananiwekea mkono juu ya tumbo akidhani nimelala. Nami nimenyamaza. Nikisema si mimba nitamvunja moyo, halafu atauliza, "Sasa ni nini?" Swali hilo sitaki aniulize.

Mama yangu alikufa kwa tumbo mwaka 1998. Lilijaa, mikono ikawa vijiti. Tulimtoa Ukerewe kwa meli, na mume wangu ndiye aliyembeba mgongoni kutoka nyumbani hadi gatini. Wakamtoa maji kwa sindano, yakarudi. Ng'ombe wetu wanne waliuzwa, na bado alikufa. Kijijini walisema amerogwa. Kama tuliambiwa jina la ugonjwa, hatukulielewa.

Mwezi uliopita tabibu wa zahanati aliniminya tumbo, akanyamaza, akaandika altrasaundi. Karatasi nimeitia ndani ya Biblia. Elfu thelathini hainishindi, mama. Ninachoogopa ni kitakachofuata. Nina laki sita, mwanangu wa pili anaingia chuo mwezi wa kumi, na sitaki watoto wangu wauze vitu kwa ajili ya mtu anayekwenda. Dada yangu anasema nimetupiwa jini, nimfuate mtu wake Sengerema. Mchungaji anasema nifunge siku tatu, wakati mimi kula kwenyewe sili! Saratani ya kizazi nilipima mwaka jana walipokuja na kampeni, wakasema niko safi, kwa hiyo hiyo nimeiondoa.

Nimwambie mume wangu, au nisubiri tumbo lijiseme lenyewe? Na kama nikienda, ni kweli altrasaundi mtu anakwenda na njaa? Mimi nikikaa na njaa natetemeka.

Mama Dagaa, Mwanza

*

Marahaba, mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu, nikitia alama kila mahali mtu alipolisemea tumbo lako. Muuza dawa kasema vidonda. Soko limesema mimba. Dada kasema jini. Mchungaji kaona ni jambo la kufunga na kuomba. Na wewe, kimoyomoyo, umesema ni lile la mama. Wasemaji ni wengi, na wote wameliona kwa juu ya kitenge. Aliyeliminya ni mmoja tu, naye hakutaja jina la ugonjwa. Aliandika karatasi, na karatasi hiyo umeifunika kwenye kitabu ambacho najua unakifungua kila siku. Nadhani uliiweka hapo makusudi ili usiisahau.

Nianze na mumeo, maana ndiye aliyekufanya ushike kalamu.

Unasema anafurahia mimba. Nimetafuta neno "mimba" kinywani mwake ndani ya barua yako, sikulipata. Alisema, "Kula, unahitaji nguvu." Kaka zake amewaambia, lakini amewaambia nini? Hukuwepo. Unapima kwa kuku wa mama mkwe, na mwanangu, kwetu sisi kuku hutumwa kwa mzazi na hutumwa kwa mgonjwa pia. Halafu upo ule mkono wa usiku. Mtu huyu alimbeba mama yako mgongoni hadi gatini. Tumbo lile lilikuwa likimgusa uti wa mgongo njia nzima. Unafikiri ameshindwa kuona kwamba mikono yako imepungua, na kwamba pete inazunguka?

Simjui, na naweza kukosea. Huenda kweli anahesabu miezi ya mtoto, na ukimwambia ataumia siku mbili tatu. Lakini yawezekana pia kwamba nyumba moja ina watu wawili wanaoogopa kitu kilekile, kila mmoja akimlinda mwenzake kwa kunyamaza. Hilo utalijua wewe, maana unajua anavyopumua akiwa na furaha na anavyopumua akiwa na wasiwasi.

Ukimwambia kabla ya kipimo utapata wa kukusindikiza na wa kusaidiana naye mawazo. Hatari yake ni kwamba neno likishatoka linaweza kufika kwa kaka zake na kwa mama yake, na kila mmoja akaja na mtu wake wa Sengerema. Ukienda kimya, utakuwa na uhuru wa kufuata daktari bila kelele, ila kama majibu ni mazito utayapokea peke yako kwenye benchi, halafu urudi nyumbani ukiwa na siri mbili badala ya moja. Wapo wanawake waliogawa njia: walisema nusu. "Nimepima mara mbili, si mimba. Tabibu ameniandikia picha ya tumbo. Sijui ni nini." Maneno hayo ni ya kweli yote, na hayataji mama wala saratani. Unaweza hata kumpa karatasi aisome mwenyewe. Sikuchagulii. Nakuomba tu usichague kunyamaza kwa kudhani unajua atakavyolipokea.

Sasa tumbo lenyewe. Hapa nitakuwa mrefu kidogo, maana kuna mambo umeyafunga mapema mno.

Vidonda kwanza. Kuna bakteria, Helicobacter pylori, anayeishi kwenye ukuta wa tumbo na kusababisha vidonda vingi. Daktari mmoja wa Australia, Barry Marshall, alimnywa kwa makusudi mwaka 1984 ili awathibitishie wenzake, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Bakteria huyu anapimwa kwa choo, ila mtu akiwa anameza dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, kipimo kinaweza kumkosa. Dawa hizo huachwa wiki mbili kabla ya kupima, na antibiotiki wiki nne. Wewe ulipima katikati ya dozi. Kwa hiyo yale majibu ya "hakuna bakteria" usiyategemee sana, na nafuu ya wiki mbili nayo usiitegemee. Dawa ya asidi inaweza kutuliza tumbo bila kugusa chanzo.

Na vile vidonge vya mgongo ulivyovitaja kama vile si dawa! Soma jina kwenye pakiti. Kama ni diklofenaki au ibuprofeni, hivyo navyo vinachubua tumbo, na mtu anaweza kupata kidonda bila bakteria yeyote. Nenda na pakiti kwa daktari, umuulize ubadilishiwe nini. Soda nayo unainywa ili ucheue, lakini gesi unayocheua nyingi ni ileile uliyoinywa.

Hata hivyo, dozi tatu zimepita na giza tano zimepita. Kama ni vidonda peke yake, mbona kitenge kinabana kabla hujala?

Kushiba haraka kuna njia zake. Tumbo la chakula likiwa zima, sehemu yake ya juu hulegea kukipokea kile unachomeza, kama kiroba kinavyofunguka. Wakati mwingine halilegei vizuri, au linamwaga chakula polepole mno, kama inavyoweza kuwatokea wenye kisukari cha muda mrefu. Na kwa kuwa umenitajia mkojo wa usiku na kutetemeka ukiwa na njaa, mwambie daktari hayo mawili, akupime na sukari. Ni tone la damu tu. Wakati mwingine tumbo la chakula halina kosa, kuna kitu pembeni kinalibana: ini au bandama iliyovimba, maji, uvimbe wa kizazi, uvimbe wa ovari, vile vifuko vya mayai ya mwanamke. Vitu hivyo dozi ya vidonda haiwezi kuvigusa hata ukinywa ndoo nzima.

Nimetaja ovari makusudi, kwa sababu umeandika kwamba saratani "umeiondoa". Kipimo kile cha kampeni kinaangalia shingo ya kizazi, ule mlango wa chini, basi. Ovari ziko juu, ndani, hazionekani kwa kipimo kile. Ni kama kukagua mlango wa ghala ukasema magunia yote mazima. Saratani ya ovari ina tabia ya kujificha nyuma ya dalili za kawaida kabisa: tumbo kujaa kusikoisha, kushiba haraka, maumivu ya chini ya tumbo, kukojoa mara kwa mara. Kila mwanamke hujaa tumbo siku moja moja. Madaktari hushtuka dalili hizi zikiwa mpya, zikirudi zaidi ya siku 12 katika mwezi, hasa kwa mwanamke anayekaribia miaka 50 au aliyeipita. Wewe umehesabu giza tano, kila siku. Sisemi unayo. Uvimbe wa kawaida wa kizazi unaweza kufanya hayohayo, na wanawake wenye uvimbe huo ni wengi kuliko wenye saratani ya ovari. Ninachosema ni kwamba hujaiondoa, kwa hiyo usiitumie kama sababu ya kubaki nyumbani. Kuna kipimo cha damu kiitwacho CA125 ambacho huenda utaandikiwa. Kikiwa juu usizimie, maana hata uvimbe wa kawaida unaweza kukipandisha.

Sasa mama.

Naomba nikuulize kwa upole: nani alikuambia una ugonjwa wa mama? Wa mama mwenyewe hamkuujua jina. Ila ulichonieleza, tumbo la maji linalotolewa na kurudi, mikono kukonda, mkazi wa kisiwani, kinanipeleka kwenye ini kabla ya mahali pengine. Na ini kandokando ya Ziwa Victoria lina maadui wawili wanaojulikana. Wa kwanza ni kichocho cha tumbo. Vijidudu vyake huingia kupitia ngozi mtu akiwa majini, akifua, akioga, akiteka, na mayai yake hukwama kwenye ini miaka na miaka hadi linapata makovu, bandama inavimba, maji yanajaa. Wa pili ni kirusi cha homa ya ini B, ambacho mama anaweza kumpa mtoto wakati wa kujifungua bila yeyote kujua.

Naona kwa nini ulishtuka, ulilelewa na maji yaleyale. Lakini angalia pia upande wa pili. Ukiwa mtoto mlicheza ziwani, na siku hizi watoto wanagawiwa prazikwanteli, dawa ya kichocho, shuleni, lakini wewe uliyemaliza shule zamani nani alikufuata sokoni kukupa? Wengi wa umri wako hawajawahi kupimwa. Kichocho kina dawa, vidonge vya kumeza. Makovu ya zamani hayafutiki yote, lakini mdudu anakufa na uharibifu mpya unazuiwa. Homa ya ini B inapimwa kwa damu, na wanaohitaji dawa wanazipata za kuituliza. Mwaka 1998 mama yako alifika na tumbo lililokwisha jaa maji. Wewe bado unauza dagaa. Sitaki kukuahidi kitu, ila ninyi wawili hamjafika hospitali siku moja.

Kuhusu fedha, hofu yako imekimbia hadi kwenye ng'ombe wa nne kabla hujalipia hata picha ya kwanza. Vipimo vinakwenda kwa ngazi. Altrasaundi, damu, choo, sukari. Picha ikionyesha uvimbe, utaelekezwa kwa daktari wa wanawake. Ikiwa safi, kwa sababu unashiba haraka na umekonda, wanaweza kutaka kuingiza kamera kwa mdomo waone ukuta wa tumbo, na hiyo hapo Mwanza unaipata hospitali ya Bugando. Kila ngazi ina mahali pa kusimama na kuuliza, "Kinachofuata ni nini, ni shilingi ngapi, na tusipofanya je?" Hospitali za serikali zina afisa ustawi wa jamii, ulizia dirisha lake mapema kabla hujakwama. Laki sita za mwanao huna sababu ya kuzigusa leo. Wala siwezi kukuambia hutazigusa kamwe. Mwanao anayekwenda chuo ni mtu mzima, na kama ningekuwa yeye ningependa kuulizwa.

Dada yako anakupenda, usigombane naye. Maombi hayazuii altrasaundi, na mchungaji mwambie tu kwamba tumbo lako limeshafunga bila ruhusa yako. Kwa dawa za kunywa za mitishamba ndipo ninaposita: kama shida iko kwenye ini, nyingine huliumiza zaidi, na hujui ipi.

Kusubiri "tumbo lijiseme" nako ni njia, nimekusikia. Ila matumbo ya namna hii yakianza kujisema husema kwa ukali: kutapika damu, choo cheusi kama lami, macho ya manjano, maumivu makali yenye homa, tumbo kukaza bila kutoa choo wala ushuzi. Ukiona lolote katika hayo, nenda hospitali usiku huohuo, na mumeo atajua tu, tena kwa njia mbaya kuliko zote. Kama unataka kujipa siku chache za kukusanya moyo, zipe idadi. Na katika siku hizo panda kwenye ule mzani wa magunia hapo sokoni, uandike kilo zako, uandike na siku zako za hedhi, na idadi ya matonge. Daktari mwenye foleni ndefu husikiliza zaidi namba kuliko "najisikia vibaya".

Umeuliza kuhusu njaa. Inategemea wanaangalia wapi. Picha ya ini, bandama na nyongo inataka mtu akae bila kula saa sita hadi nane. Ya kizazi na ovari ikipigwa kwa juu ya tumbo inataka kibofu kimejaa, kwa hiyo unakunywa maji na kubana mkojo. Wewe unahitaji zote mbili, kwa hiyo waulize unapochukua namba, na waambie unatetemeka ukiwa na njaa, uombe ya asubuhi mapema ili njaa yenyewe ilale usingizini. Maji usiyanywe kwa mkupuo, hayatapata nafasi, anza mapema, fundo moja moja. Na beba chai kwenye chupa na kipande cha muhogo, ukitoka tu ule, hata kama ni matonge manne.